Pointi za supamaketi si akiba

Kila ikifika Novemba naulizwa swali lile lile. Safari hii limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Thika: ni programu gani ya simu inayotoa pointi nyingi zaidi, ili azikusanye anunue vya Krismasi bila kugusa pesa zake? Ana kadi za supamaketi tatu na pointi za Bonga kwenye laini yake ya Safaricom. Mwanawe aliye Marekani naye amemsimulia kuhusu Ibotta, ambayo humrudishia dola kadhaa akipiga picha risiti ya vyakula. Tangu Januari hajatumia hata pointi moja. Anaziita akiba yake.

Mama, hiyo si akiba. Nimelijibu swali hili kwa upole miaka mingi na upole haukusaidia, kwa hiyo leo nasema wazi. Mimi ni mhasibu, na najua pointi zako zinaandikwa wapi katika vitabu vya duka: upande wa madeni. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inalitaka duka litenge sehemu ya pesa ulizolipa na kuihesabu kuwa deni mpaka utakapozitumia pointi. Maana yake ulishazilipia. Kinachokaa kwenye kadi ni pesa yako uliyomkopesha mwenye duka, bila riba wala dhamana, na masharti ya mkopo huo anayaandika yeye.

Anayedhani natisha watu bure aikumbuke Nakumatt. Ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote za supamaketi nchini Kenya, ikavuka mipaka hadi Uganda, Tanzania na Rwanda, na kadi yake ya pointi ilikuwa kwenye pochi nyingi za Nairobi. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe, madeni yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30. Kampuni ikifilisika, wenye dhamana na wafanyakazi ndio hutangulia kulipwa. Hata waliopeleka maziwa na mchele kwa malori walikuwa nyuma ya foleni. Mwenye pointi 4,000 angesimama wapi? Shirika la bima ya amana, KDIC, hulinda hadi shilingi 500,000 za mwenye akaunti katika benki iliyoanguka. Pointi hazimo.

Na duka likiwa zima kabisa, bado pointi inayongoja inaliwa na bei. Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, mpaka Julai serikali ikateremsha bei kwa muda hadi 100. Aliyekuwa na pointi za shilingi 200 tangu mwaka uliotangulia alibaki na 200 zile zile. Mwaka huohuo Safaricom ilitangaza kwamba Bonga zilizozidi miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023, na uamuzi huo ukapingwa kisheria. Fikiria: mteja analazimika kutafuta wakili ili kitu anachokiita akiba kisifutwe.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanaponikatiza wakisema kidogo ni bora kuliko kukosa. Tuseme duka linakupa thamani ya shilingi moja kwa kila mia unayotumia. Ukinunua vya shilingi 12,000 kwa mwezi, unapata 120, yaani 1,440 kwa mwaka mzima. Duka la mtaa wa pili halina kadi, lakini unga wake ni nafuu kwa shilingi 12 kwa pakiti. Nyumba inayokula pakiti mbili kwa wiki inapoteza 1,248 kwa mwaka kwa kung'ang'ania kadi, na hapo ni unga tu. Hatujafika kwenye mafuta, sukari na sabuni.

Kadi pia hukusukuma ununue. Watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Joseph Nunes na Xavier Drèze, walichapisha jaribio mwaka 2006. Waligawa kadi 300 mahali pa kuoshea magari. Nusu ya wateja walitakiwa kujaza mihuri minane ili waoshewe bure. Nusu nyingine walipewa kadi ya mihuri kumi, miwili ikiwa imeshagongwa. Kazi ilikuwa ile ile, kuoshesha mara nane. Kundi la kwanza waliomaliza walikuwa asilimia 19. La pili, asilimia 34. Ile mihuri miwili haikuwa na thamani yoyote, ila ilimfanya mtu ajione ameshaanza safari. Ujumbe wa "umebakisha shilingi 400 upate vocha ya 100" hufanya kazi hiyohiyo: unarudi kwenye rafu kuchukua beseni usilolihitaji. Umetoa 400 kupata 100.

Ibotta nayo haigawi sadaka. Pesa zake hutoka kwa watengenezaji wa bidhaa wanaotaka uiache chapa uliyoizoea uchukue yao, ambayo mara nyingi ni ya bei ya juu.

Basi fanya hivi. Chagua duka kwa bei kwanza, ndipo utoe kadi, kwa kuwa ni ya bure. Gawa bei kwa kilo au lita kabla ya kuamini neno "ofa". Unga nunua robota la pakiti 12 mgawane na jirani au chama. Nyanya na sukuma wiki nunua sokoni. Ofa ya kurudishiwa pesa ichukue tu ikiwa bidhaa ilikuwa kwenye orodha yako kabla hujaiona ofa. Linganisha risiti na bei ya rafuni ukiwa bado kaunta. Namba ya simu unayomtajia keshia ni taarifa yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wanaitumiaje. Na programu yoyote inayotaka uweke pesa kwanza ndipo "urudishiwe", au kiungo cha WhatsApp kinachodai supamaketi fulani inaadhimisha miaka yake kwa zawadi, futa palepale. Ni wizi, hata kama kimetumwa na dada yako.

Mwalimu wangu wa Thika ana pointi za shilingi 2,300 kwenye kadi zake tatu. Nimemwambia aende Jumamosi hii azimalize zote kwa mafuta ya kupikia na mchele, vitu ambavyo hata hivyo angevinunua, na zile shilingi 2,300 ambazo hatazitoa mfukoni aziweke kwenye chama chake siku hiyohiyo.