Ardhi iliyokwisha kuchimbwa haiaminiki kwa umri wake

Anayeanza kuchimba juu ya mgodi wa zamani hupokea ardhi ambayo mwenzake ameshaipunguzia nguvu. Geita ni mfano: dhahabu ilichimbwa huko chini kwa chini tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa ukaanza kuzalisha eneo hilohilo kwa mashimo ya wazi. Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa nao hurudia maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoachwa, kwa kuwa palipotoa dhahabu jana ndipo panapotarajiwa kutoa kesho. Kurudi si kosa. Kosa ni kurudi bila kujua chini kuna nini, na kuifanya miaka ambayo ardhi imesimama kuwa ndiyo cheti cha usalama.

Mwamba ukitobolewa, uzito uliokuwa juu yake hauondoki. Huhamia kwenye kuta na nguzo zilizobakizwa. Paa humeguka kipande kwa kipande, na tundu hupanda. Kinachoweza kulizuia ni kifusi chenyewe, maana mwamba uliovunjika huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima. Ukiongezeka kwa asilimia 30, tundu lenye kimo cha mita 3 hujijaza likishapanda takriban mita 10. Paa likiwa na unene wa mita 6 tu, tundu linaweza kutokeza juu kabla ya kujijaza, na aliyesimama hapo akazama nalo. Maji huivuruga hesabu hii: husomba kifusi kwenye njia nyingine za chini, hulainisha udongo na kuuongezea uzito, na unyevu huozesha matimba, yaani miti inayoshikilia kuta na paa.

Wapo wanaouliza: mbona duara limesimama miaka ishirini? Jibu lilipatikana kwa gharama kubwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini. Baadhi ya sehemu zake za zamani zilirudiwa kwa kuchimba makaa yaliyobakizwa darini, nguzo zikawa ndefu na dhaifu zaidi. Tarehe 21 Januari 1960 nguzo zilivunjika kwa mfuatano, kila moja ikiibwagia jirani mzigo wake, na zaidi ya watu 400 wakafa. Baada ya hapo watafiti Salamon na Munro walilinganisha maeneo 98 yaliyosimama na 27 yaliyoporomoka, wakatoa mwaka 1967 kanuni ya kupima nguvu ya nguzo. Kanuni hiyo huangalia upana wa nguzo na kimo chake, kisha nguvu inayopatikana hulinganishwa na mzigo inaobeba. Kusimama jana hakumo.

Wengine watasema vipimo ni vya kampuni kubwa, mchimbaji mdogo hana fedha. Ni kweli kwa mitambo ya gharama, lakini tahadhari nyingi ni nafuu: kuwauliza waliochimba zamani na kuchora ramani ya maduara yao, kutoboa vitundu vya majaribio kabla ya kusogea, kukagua nyufa na mibonyeo, kuelekeza maji ya mvua mbali, na kusimamisha kazi inapobidi. Januari 2024, wachimbaji 22 walifukiwa na kufa Ng'alita, wilayani Bariadi, wakati wa mvua kubwa, katika eneo lililokuwa limezuiwa kuchimbwa. Kulitii zuio hilo kungewagharimu siku za kazi tu.

Tume ya Madini na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini zihakikishe ramani za machimbo ya zamani zinamfikia kila anayeomba leseni, kabla hajashika sururu. Na wewe mchimbaji, usipoonyeshwa ramani ya chini, usishuke.