Likizo ya Reli: Wapelekeni Watoto Usukuma

Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kila mwaka. Jiulize siku zako za mwaka jana zilikwenda wapi. Wengi wetu huzimalizia nyumbani: ukuta unapigwa lipu, deni linafuatiliwa, mgonjwa anatazamwa, na watoto wanashinda mbele ya televisheni. Siku ya kurudi kazini mtu huwa amechoka kuliko siku aliyoondoka, na mama wa nyumba ndiyo kabisa, kwani yeye likizo hiyo imemwongezea vinywa vya kulisha mchana.

Huko Korea Kusini, shirika la reli, Korail, lina treni zilizotengwa kwa matembezi. Mojawapo, iitwayo V-train, ilianza mwaka 2013, nayo hupita taratibu katika mabonde ya milimani ili abiria wapate kutazama. Zipo pia safari zenye mwongozaji, ambazo msafiri hulipia kwa pamoja kiti, chakula na mahali pa kutembelea, akashuka mjini kuona ngoma za vinyago au jumba la wafalme wa kale. Sisi vichwa vya umeme vya reli yetu mpya, pamoja na ile treni ambayo wananchi wameibatiza jina la mchongoko, tumevinunua huko huko, katika kiwanda cha Hyundai Rotem. Ujuzi wa kupanga matembezi hatukuuagiza, lakini huo hauhitaji meli. Familia tano za ofisi moja zinaweza kuupata zikikaa kitako jioni moja na kalamu na karatasi.

Nakushauri muende Usukuma, na sababu yangu ni hii. Watoto wengi wa mijini wanamjua Msukuma kwa njia moja tu: mchekeshaji anayeigiza lafudhi yake kwenye redio na televisheni ili watu wacheke. Hata watoto ambao bibi yao mzaa baba yuko Kishapu au Sengerema humcheka mtu huyo, wasijue wanamcheka nani. Kisukuma hawakisikii, salamu hawaijui, na bibi akija mjini kutibiwa, mazungumzo kati yake na wajukuu huishia kwenye "shikamoo" na "marahaba". Jambo hilo haliwezi kurekebishwa kwa mahubiri ya mezani. Mtoto hujifunza kuheshimu kitu alichokiona kikifanywa na watu wanaokijua.

Tuanze na tarehe, kwani ndiyo itakayowaamulia mengine yote. Wakati wa kwenda ni mavuno yanapokwisha, katika majira ya Bulabo. Hayo ni mashindano ya ngoma yanayofanyika Bujora, Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza katika barabara ya Musoma. Bulabo huambatana na sikukuu ya Ekaristi ya Wakatoliki, nayo sikukuu hiyo hufuata Pasaka. Kwa hiyo tarehe yake huhama kila mwaka, ikiangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni. Tazama kalenda mapema, ulinganishe na likizo ya shule, ndipo uandike barua ya kuomba ruhusa kazini. Mtumishi wa umma ambaye mwaka huo ana haki ya nauli ya likizo aanze kuidai mapema zaidi, maana mafaili yana mwendo wao.

Sasa njia. Anayetoka Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya umeme hadi Dodoma, safari iliyozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, na kutoka hapo akaunga kwa reli ya zamani. Kumbuka kwamba Dodoma ina stesheni mbili, ya reli mpya na ya reli ya zamani. Msipange kushuka na kupanda kana kwamba mnavuka ua. Reli mpya ya kipande cha Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na mpaka itakapobeba abiria, mtaendelea na reli ya zamani, ambayo tawi lake la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Anayependa apande hiyo hiyo ya zamani tangu Dar es Salaam. Ni ndefu, inachelewa, lakini mimi ningewapandisha watoto hiyo. Treni ya umeme inafika. Treni ya zamani inasafiri.

Kateni daraja la pili la kulala ikiwa mfuko unaruhusu, kwa sababu familia ya watu sita hujaza chumba kizima na kufunga mlango wake. Uliza stesheni siku za treni na hali ya njia kabla ya kulipa, hasa ikiwa mvua zimekuwa kubwa, kwa kuwa kati ya Kilosa na Gulwe mafuriko yamewahi kuikata reli hiyo zaidi ya mara moja. Msibebe chakula cha njia nzima. Saranda wanawake na vijana watawaletea dirishani kuku wa kuchoma ambaye sifa zake zimefika mbali kuliko za miji mingi mikubwa. Tabora mtapata asali na karanga. Hapo Tabora kila mtu awe ndani ya behewa lake, kwani ndipo mabehewa yanapogawanywa, mengine yaende Kigoma na mengine Mwanza. Mtoto aliyekwenda kucheza na rafiki yake wa behewa la tano anaweza kuamkia Uvinza.

Baada ya Isaka nchi hufunguka: mbuga, migunga, mashamba ya pamba, ng'ombe wasiohesabika. Wewe uliye Shinyanga mjini umependelewa, maana kutoka hapo ni Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, Fela, kisha Mwanza. Waonyesheni watoto ngitili, yale maeneo ya malisho yaliyofungwa ili miti irudi. Mkoa huu uliwahi kukaribia kuwa jangwa, na wazee waliokubali kufuga kwa utaratibu huo, katika mradi ulioanza mwaka 1986, ndio walioirudisha miti unayoiona.

Bujora ndipo mtakapomhitaji mwongozaji, naye yupo pale pale makumbusho. Kituo hicho kilianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, na ndani yake kuna ngoma za watemi, ambao mamlaka yao yalikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jengo jingine, lenye umbo la ngoma, ni la vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu. Asili yao ni mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali zaidi ya kuvuta watu. Hadi leo pande mbili huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watazamaji wamehamia kwake. Hakuna jaji anayeweza kuhongwa!

Mtaona bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotoka shambani ambako vijana walilima kwa mapigo ya ngoma. Mtaona pia Bayeye na chatu wao, chama chenye elimu ya kutibu sumu ya nyoka. Mwongozaji aeleze hilo kwanza, watoto wasidhani ni mazingaombwe. Kabla ya yote, wafundisheni salamu ndani ya treni: "mwangaluka" asubuhi, "mwadila" jioni, na "wabeja" kwa kushukuru. Chakula kikiletwa, nsansa au michembe, pasiwe na mtoto wa kukunja uso.

Mkibakiwa na siku mbili, nendeni Geita kwa basi. Kivuko cha Kigongo na Busisi, kilichowahi kuwakalisha abiria saa nzima juani, sasa kimerithiwa na Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 19, 2025. Waonyesheni watoto mji uliokuzwa na dhahabu na soko lake la madini lililofunguliwa Machi 2019. Lakini kwenye maduara ya wachimbaji wadogo na penye makarasha msiwapeleke, hata mwenyeji akiwasihi. Dhahabu hukamatwa hapo kwa zebaki, na mvuke wake ni sumu isiyoonekana, inayomdhuru mtoto na mama mjamzito kabla ya wengine.

Tikiti za kurudi zikatwe Mwanza kabla hamjaelekea huko, kwa kuwa Geita haina stesheni.