Otis: kimbunga kilichoutangulia utabiri

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 24 Oktoba 2023, hoteli za Acapulco, mji wa pwani ya Pasifiki nchini Meksiko, zilikuwa na wageni wengi. Mkutano wa kimataifa wa sekta ya madini ulikuwa ukifanyika huko wiki hiyo. Kusini mwa mji, baharini, kulikuwa na dhoruba iliyopewa jina la Otis, yenye umri wa siku mbili tu. Utabiri wa siku iliyotangulia ulisema ingefika nchi kavu ikiwa bado dhoruba: mvua nyingi, upepo wa kuangusha mabango, basi.

Muda mfupi baada ya saa sita usiku huo, Otis kilitua karibu na Acapulco kikiwa kimbunga cha daraja la 5, la juu kabisa, kwa upepo wa takriban kilomita 260 kwa saa. Katika kumbukumbu zote za vipimo, hakikuwahi kutokea kimbunga cha daraja hilo kilichoipiga pwani hiyo. Waliofariki walizidi 45, wengi wao mabaharia waliobaki ndani ya boti na yoti kuzilinda. Hao walifanya kile ambacho baharia yeyote angefanya kwa dhoruba ya kawaida. Kosa halikuwa lao.

Wataalamu wanasema kimbunga kimepata nguvu kwa haraka pale upepo wake unapoongezeka kwa angalau kilomita 55 kwa saa ndani ya saa 24. Otis kiliongeza zaidi ya kilomita 170 ndani ya muda huo. Katika upande ule wa Pasifiki ni Patricia cha mwaka 2015 pekee kinachojulikana kukizidi, nacho kilitua sehemu yenye watu wachache. Msomaji asidhani kwamba upepo wa kilomita 260 ni kama ule wa 100 uliozidishwa mara mbili na nusu. Msukumo wa upepo kwenye paa au dirisha hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake: kasi ikiwa mara mbili, msukumo ni mara nne. Kati ya dhoruba ya asubuhi na kimbunga cha usiku, msukumo ulipanda zaidi ya mara sita.

Nguvu hiyo hutoka baharini. Maji ya juu yakifikia joto la nyuzi 26 au 27, huvukizwa kwa wingi. Mvuke hupanda, hukutana na baridi ya juu, hugeuka matone, na katika kugeuka huko huachia joto uliloondoka nalo baharini. Hewa ya katikati hupata joto na kuwa nyepesi, mgandamizo wa hewa chini hushuka, na hewa ya pembeni hukimbilia ndani. Mzunguko wa dunia huipinda njiani, ndiyo maana inazunguka badala ya kunyooka. Na kadiri upepo unavyozidi, ndivyo mvuke unavyochotwa zaidi.

Kwa kawaida kuna vizuizi. Upepo wa angani ukivuma kwa mwelekeo au kasi tofauti na ule wa chini, hukiinamisha kimbunga na kuutenganisha mwili wake na kitovu chake. Hewa kavu ikipenya ndani hukausha mawingu. Mawimbi nayo hukoroga bahari na kupandisha maji baridi kutoka chini. Siku ile karibu vyote vililegea kwa pamoja: maji yalikuwa na joto la nyuzi 30 hivi na upepo wa angani uliokuwa ukikisumbua Otis ulipungua. Zaidi ya hayo Otis kilikuwa kidogo kwa umbo, na sufuria ndogo huchemka kabla ya pipa. Kimbunga chenye kitovu chembamba hupata nguvu ghafla na kuipoteza ghafla, na vyote viwili huwatatiza watabiri.

Wanaonaje, basi, kinachotokea katikati ya bahari? Msingi ni setilaiti. Zile za Marekani zinazotazama Amerika hupiga picha nzima kila baada ya dakika 10, na sehemu ndogo yenye kimbunga zinaweza kuitazama kila dakika. Lakini picha inaonyesha paa la mawingu tu. Miaka ya 1970 mtaalamu wa Marekani, Vernon Dvorak, alibuni njia ya kukadiria upepo kwa kuangalia umbo la mawingu hayo: yamejipinda kiasi gani, jicho limefunguka au la, jicho lina joto kiasi gani kulinganisha na pete ya mawingu ya baridi inayolizunguka. Njia hiyo inatumika hadi leo duniani kote na imeokoa watu wengi. Ina udhaifu mmoja unaohusu kisa chetu: kanuni zake zinaweka kikomo cha kiasi ambacho kimbunga kinaruhusiwa kupanda kwa siku, kwa sababu vimbunga vingi havipandi haraka hivyo. Kile kinachovunja kanuni huonekana dhaifu kuliko kilivyo.

Ndivyo ilivyokuwa mpaka mchana wa Jumanne, ndege ya kikosi cha akiba cha Jeshi la Anga la Marekani ilipoingia ndani ya Otis. Ni ndege ya mizigo yenye injini nne za pangaboi, aina ya WC-130J, ya kikosi chenye makao yake Biloxi, Mississippi. Huruka kwenye urefu wa mita 3,000 hivi, ikikata kimbunga kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha hugeuka na kukikata tena upande mwingine, ili njia zake zikutane kwenye jicho. Ndani, mmoja wa wafanyakazi huchukua mrija mwepesi, wenye urefu wa kama sentimita 40, na kuuachia kupitia tundu la chini. Kijiparachuti kinafunguka. Kwa dakika chache mrija unashuka ndani ya ukuta wa jicho, ukituma kwa redio vipimo vya mgandamizo, joto, unyevu na upepo mara kadhaa kila sekunde, mpaka unagonga maji na kunyamaza. Hakuna anayekwenda kuuokota. Chini ya bawa kuna chombo kingine kinachopima mng'ao wa povu la mawimbi, na kutokana na povu hilo upepo wa juu ya maji hukadiriwa.

Vipimo vilivyorudi vilionyesha kimbunga chenye nguvu kuliko setilaiti zilivyokadiria. Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichopo Miami kikaanza kutoa taarifa za dharura nje ya ratiba, na ya usiku ikaeleza hali hiyo kuwa ni jinamizi kwa kusini mwa Meksiko. Kufikia hapo zilibaki saa chache tu. Mji wa watu karibu 800,000 hauhamishwi kwa saa chache, tena barabara kuu ya kutokea ikipita milimani.

Wapo watakaouliza kompyuta zilikuwa wapi. Kwa upande wa njia, kompyuta zimefanya kazi kubwa: kosa la utabiri wa njia kwa siku tatu mbele leo linakaribiana na lile la siku moja mbele mnamo 1990. Njia ya kimbunga husukumwa na mikondo mikubwa ya anga, na mikondo hiyo hupimwa vizuri. Nguvu yake, kinyume chake, huamuliwa zaidi ndani ya duara la makumi ya kilomita kuzunguka jicho, na programu ya utabiri isiyopewa hali halisi ya duara hilo tangu mwanzo haiwezi kuikisia. Kwa Otis, karibu programu zote kubwa zilikosa, na zilikosa kwa namna moja.

Hilo linatuhusu zaidi sisi tunaoishi magharibi mwa Bahari ya Hindi. Huku hakuna kikosi cha ndege kinachoingia vimbunga mara kwa mara. Kituo chenye jukumu la ukanda huu, cha Météo-France kisiwani Réunion, hutegemea setilaiti na njia ya Dvorak, pamoja na setilaiti za maikrowevu zinazoona ndani ya mawingu lakini hupita mara chache kwa siku. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazidja na siku iliyofuata kikatua Cabo Delgado, Msumbiji, kusini kidogo ya mpaka wa Tanzania. Kilikuwa kimbunga chenye nguvu kuliko vyote vilivyorekodiwa kutua Msumbiji, na siku chache baadaye kipindupindu kikatangazwa Pemba, mji mkuu wa jimbo hilo. Desemba 2024 ilikuwa zamu ya Mayotte, kwa kimbunga Chido.

Anayefuatilia habari hizi kwenye simu aangalie jambo moja. Marekani hutangaza wastani wa upepo wa dakika moja, Réunion wastani wa dakika kumi. Kimbunga kilekile kitasomeka dhaifu zaidi kwa kipimo cha Réunion, na wala hakijapungua nguvu. Nimeona watu wakisambaza tarakimu hizo mbili zikiwa pamoja kama ushahidi kwamba wataalamu wanabishana.

Kwa Tanzania, kimbunga Hidaya ndicho kilichotugusa zaidi. Tarehe 4 Mei 2024 kilifika Mafia, katika latitudo ambayo vimbunga havifiki ila kwa nadra, kwa sababu karibu na ikweta msukumo wa mzunguko wa dunia ni hafifu mno kuviendesha. Watu wa pwani wenye umri mkubwa walikuwa na kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 cha kulinganisha, wengine hawakuwa na chochote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema na boti za Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kisha Hidaya kikaishiwa nguvu pwani, na madhara yakawa madogo kuliko yaliyohofiwa. Nadhani uamuzi wa kusimamisha boti ungekuwa sahihi hata kama Hidaya kingefia baharini, kwa sababu hakukuwa na ndege ya kumweleza mtabiri, saa sita kabla, kama anakadiria dhoruba inayokufa au Otis mwingine.