INSHA ZA SHERIA ZA KIMATAIFA: SWALI LA NANI?

Mashindano ya insha juu ya sheria za kimataifa na mambo ya dunia yameenea. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC huyaendesha kwa wanafunzi wa sekondari. Vyuo vikuu na vyama vya wanasheria huyaendesha kwa wanafunzi wa vyuo. Utaratibu wake unajulikana: swali hutolewa, idadi ya maneno huwekwa, waamuzi husoma, washindi hutuzwa. Makada wengi hudhani kuwa hayo ni mambo ya walimu wa shule tu. Fikra hizo si sahihi. Anayeuliza swali huchagua maneno, na kwa kuchagua maneno huwa amekwisha kuchagua sehemu ya jibu.

Tuchukulie kuwa mwanafunzi anaulizwa: Je, dola changa inawajibika kuheshimu mikataba iliyoirithi? Neno “iliyoirithi” limekwisha kula nusu ya mjadala. Mtoto hurithi mali ya mzazi wake. Mkoloni alikuwa mzazi wa nani? Mwanafunzi aliyezoea kukariri ataeleza maana ya mkataba, atataja wataalamu wawili watatu wa Ulaya, kisha atasema kila upande una hoja zake. Insha ya namna hiyo haina kosa la sarufi, wala haina kitu.

Jibu lenye uzito huanzia kwenye mgogoro wenyewe. Mwaka 1921 Uingereza iliikodisha Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa faranga moja kwa mwaka. Mwaka 1929 Uingereza na Misri ziliandikiana barua, zikakubaliana kwamba bila idhini ya Misri pasifanyike kazi yoyote ya umwagiliaji au umeme katika mto Nile, matawi yake na maziwa yake, kwenye nchi zilizotawaliwa na Waingereza, iwapo kazi hiyo ingeidhuru Misri. Mkulima wa kando ya Ziwa Viktoria hakuulizwa.

Tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge msimamo wa nchi. Mikataba ya pande mbili ingeendelea kwa miaka miwili ili ipitiwe. Baada ya hapo, ule ambao haukuafikiwa upya, na ambao haukusimama kwa sheria za desturi za mataifa, ungehesabiwa kuwa umekwisha. Julai 1962 Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na makubaliano ya 1929. Wanasheria wa dunia wameupa msimamo huo jina la Nyerere mwenyewe.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wengi hukomea, wakashangilia. Lakini Julai 1964, huko Cairo, wakuu wa nchi za OAU waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na nchi yetu ilikuwa mstari wa mbele kulitetea azimio hilo. Mipaka hiyo ilichorwa na nani, kama si wakoloni wale wale? Mwamuzi makini atauliza, na mwandishi hana budi kujibu kabla hajaulizwa. Mkataba wa bandari ukifutwa, anayepoteza ni mkodishwaji. Mpaka ukifutwa, wanyonge wa pande zote mbili hushika silaha wauane. Hoja hiyo ni ya siasa kabla haijawa ya sheria, na hakuna haja ya kuificha. Mkataba wa Vienna wa 1978 juu ya urithi wa dola nao ulitenganisha mambo hayo mawili: mipaka hubaki, na dola iliyotoka katika ukoloni hailazimiki kubaki ndani ya mikataba ya mtawala.

Kuhusu lugha, mashindano mengi hayapokei Kiswahili. Afadhali hoja ijengwe kwanza kwa Kiswahili, ijaribiwe mbele ya wenzako, ndipo ifasiriwe. Hoja isiyoeleweka tawini ni hoja iliyokaririwa.

Vikundi vya masomo vianze na swali hili. Mkataba wa Ushirikiano wa Bonde la Nile ulifunguliwa kutiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Misri na Sudan hazikuutia sahihi. Je, unazifunga? Kila ndugu aandike maneno 1,000, na atakayejibu “hauzifungi” aeleze pia ni kwa sheria ipi ilidaiwa kuwa barua za 1929 zinatufunga sisi.