Tusiue Kabla ya Kujua: Mayai ya Wadudu Katika Mashamba Yetu

Mvua zinapoanza kuinywesha ardhi ya Kasulu na Kibondo, mahindi na maharage yakachipua, wadudu nao huja kutafuta riziki yao. Hapo utawaona watu wengi wakikimbilia dukani kununua sumu, wakamtwika kijana bomba mgongoni anyunyize shamba zima, ilhali hapana aliyegeuza hata jani moja kutazama kilicho chini yake. Jambo hili halifai, kwa shamba wala kwa dini.

Imepokewa na Abu Huraira (R.A.), katika Bukhari na Muslim, ya kwamba Nabii mmoja wa zamani aliumwa na mdudu chungu, akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto. Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. Na katika riwaya nyingine akaambiwa kuwa yule mmoja angalitosha. Basi mwenye kudhuru huzuiwa, lakini kwanza ajulikane ni nani.

Adui wetu mkubwa leo ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni Amerika. Alionekana Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 akathibitishwa Tanzania. Nondo wake huruka usiku na kutaga mayai kwa mafungu, mara nyingi mia moja au zaidi pamoja, juu ya jani la mhindi au chini yake. Alama yake ni kwamba fungu hilo hufunikwa na manyoya laini ya rangi ya kijivu, kama ukungu ulioota juu ya mkate. Ukiliona, liponde kwa vidole papo hapo. Kazi hiyo haina gharama. Usingoje, kwani kwa siku chache tu yataanguliwa, na kiwavi akikua hujificha ndani ya moyo wa mhindi ambamo sumu haimfikii vizuri. Kiwavi huyo utamtambua kwa alama usoni mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia.

Sasa nenda kwenye maharage. Chini ya majani, karibu na vidukari, huenda ukakuta mayai ya manjano, membamba, yamesimama wima yakisongamana. Hayana manyoya. Haya usiyaguse! Ni ya yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari. Watoto wake ni weusi, warefu, wana madoa ya rangi ya chungwa, nao hufanana na mamba wadogo. Kwa ubaya wa sura yao watu huwaua wakidhani ndio wala maharage. Na ukiona yai moja moja limening'inia kwenye ncha ya uzi mwembamba kama unywele, huyo naye ni rafiki, na mtoto wake ni mlaji hodari wa vidukari.

Vidukari wenyewe katika nchi zetu za joto kwa kawaida hawatagi. Majike huzaa watoto hai, tena bila ya dume. Subhanallah! Chungu huwachunga kama sisi tuchungavyo ng'ombe, wakinywa maji matamu yatokayo kwao. Kwa hiyo ukiona msururu wa chungu ukipanda shina la maharage, ufuate, utakufikisha kwa vidukari.

Yuko na kiwavi mwingine anayeonewa bure. Ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, naye hukaa kwenye magugu ya utomvu mweupe ambayo maganda yake yana pamba laini. Huyo hali mahindi wala maharage, na mwisho wake ni kipepeo wa rangi ya chungwa.

Mama na vijana, ndio ninyi mpitao shambani kila asubuhi. Geuzeni majani walau mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapoota, na bomba la sumu asibebeshwe mtoto kamwe. Mkikuta mayai msiyoyajua, likateni jani, mlitie katika chupa pana, mfunike kwa kitambaa chepesi, mngoje. Wakitoka viwavi wenye kutafuna jani, waueni. Wakitoka wale mamba wadogo weusi, warudisheni upesi penye vidukari, maana wakikosa chakula watalana wao kwa wao.