Kutoka Rohero hadi Ufukweni: Mji Uliozaliwa Maji Yalipojitenga

Ndugu zetu wa vikosi vya ulinzi na usalama, wengi wenu mmepata kushika zamu katika mtaa wa Rohero, mbele ya ofisi na mabalozi, au karibu na Kanisa Kuu la Regina Mundi. Safari hii tuliteremka kutoka Rohero hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ili tuyatazame yale ambayo mpita njia huyaona kila siku bila kuyauliza asili yake.

Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 600 na kina cha karibu mita 1,470. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma juu yake, na mawimbi hupiga mchanga mithili ya bahari. Mito mingi huingia humo, lakini mmoja tu hutoka, nao ni Lukuga, upande wa Kongo. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika ncha hii ya kaskazini, wakathibitisha kwamba Rusizi huingia ziwani wala hautoki. Jiwe la Mugere, kusini mwa mji, ni kumbukumbu ya safari yao.

Katika miaka hiyo mdomo wa Lukuga ulikuwa umezibwa na matope na majani, na maji yalikuwa juu sana. Mwaka 1878 kizuizi kile kilipasuka. Katika muda usiotimia miaka 20, ziwa likashuka takriban mita 10, likaacha nchi kavu mahali palipokuwa pa samaki.

Ni mwishoni mwa karne hiyo ya 19, maji yalipokwisha kujitenga, ndipo jeshi la Wajerumani lilipoweka kituo chake cha Usumbura. Basi mji huu ulianza kuwa kambi ya askari. Askari walizungumza Kiswahili, na wafanyabiashara wa ziwani walizungumza lugha iyo hiyo, ambayo hata leo inasikika Buyenzi. Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliutwaa mji, na baadaye ukawa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Ni katika hoteli ya ufukweni ambamo Mwanamfalme Louis Rwagasore, Waziri Mkuu, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Usumbura ikaitwa Bujumbura.

Lakini ziwa halikusahau mipaka yake ya kale. Baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, maji yalipanda, na mwaka 1964 yakafikia kimo cha kutisha. Wazee wakaona, wakaonya, vijana wakajenga. Mwaka 2020 Rusizi ulivunja kingo zake, na watu wa Gatumba wakahama kwa maelfu. Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena, likaingia nyumba za Gatumba na Kibenga, na baadhi ya barabara zikapitwa kwa mitumbwi.

Sheria ya Maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya ziwa usiojengwa. Anayepima mita hizo kwa macho, akiwa amesimama ufukweni siku ya jua, huziona ni nyingi mno. Anayejua habari za 1878 na 1964 huziona ni chache.

Maji yanapoingia nyumbani kwa mwananchi usiku, anayeitwa kwanza ni askari, naye huingia majini akiwa amebeba mtoto wa mwenziwe. Kwa hiyo kuulinda ukanda ule mchana, bila kutazama uso wa mwenye kiwanja wala mfuko wake, ni sehemu ya kazi ile ile ya uokoaji. Ziwa lilikuwapo kabla ya kambi, na kabla ya mji. Mwenyeji huyu hagombwi. Huachiwa nafasi yake.