"Dr. Livingstone, I presume?": mzaha wa Kiingereza uliotokea njia ya Maniema

KINDU – Anayejifunza Kiingereza hapa Kindu atakutana siku moja na maneno haya. Kwa Kiswahili ni kama kusema: "Bila shaka wewe ndiye Daktari Livingstone?" Waingereza huyatumia kwa kuchekesha, wanapompata mtu waliyemtafuta sana, ao wanapokutana mara ya kwanza na mtu ambaye hawezi kuwa mwingine. Jina la Livingstone huondolewa, la mgeni likawekwa. Utamu uko katika adabu iliyopita kiasi. Kwa hiyo usimwambie mkubwa wako wa kazi, atadhani unamcheka.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, wa gazeti New York Herald, alidai kuwa ndivyo alivyomsalimu Livingstone kule Ujiji, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Pale hapakuwa na Mzungu mwingine, basi swali lenyewe lilikuwa la bure. (Hodi ingetosha.) Tena huenda hakulisema. Kurasa za siku ile zilichanwa kutoka daftari lake, na Tim Jeal, aliyeandika maisha yake, anaona kwamba Stanley alilitunga baadaye.

Kisichosemwa sana ni mahali Livingstone alikotoka. Alitoka kwetu. Tangu mwezi wa tatu mwaka ule alikuwa Nyangwe, kandokando ya Lualaba, katika eneo ambalo leo ni teritware ya Kasongo. Alidhani mto huu ndio mwanzo wa Nile, akatafuta mitumbwi aufuate, lakini wenyeji hawakumpa. Tarehe 15 Julai, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki sokoni. Wengi waliokuwa pale ni wanawake waliokuja kuuza. Waliopigwa risasi na waliozama mtoni, Waarabu wenyewe walikadiria kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake, akaacha safari ya mto, akarudi Ujiji mgonjwa na bila mali. Ndipo Stanley alipomkuta.

Mwaka 1876 Stanley alifika Nyangwe mwenyewe, akafuata mto mpaka baharini. Baadaye alirudi kumtumikia mfalme Leopold II. Waingereza wanamkumbuka kwa salamu ile. Wakongomani walimwita Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likabaki kuwa la serikali ya kikoloni, ile ya kodi na kazi ya lazima.